Kabla hujaleta kobe nyumbani: seti ya kuanzia niliyouziwa, naipa nyota 2 kwa 5

Haya wapendwa, naandika hii nikiwa na miezi kumi na moja na kobe ndani ya nyumba hapa Leicester. Nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili kabla ya kununua sikupata kitu, nikawa nasikiliza maneno ya muuzaji tu, na mnyama wa watu akaumia. Sitaki mwingine apitie hayo.

Ilianza hivi, tulienda nyumbani Mombasa likizo, tukampeleka binti yetu Haller Park pale Bamburi, akawaona wale kobe wakubwa wa Aldabra wanajitembelea zao katikati ya watu, akasimuliwa habari za kobe Mzee na rafiki yake Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, basi njia nzima ya kurudi wimbo ni mmoja, mama nataka kobe. Ana miaka tisa. Mimi nikaona kobe habweki, hahitaji kutolewa na kamba asubuhi kwenye baridi, ni mnyama mwepesi huyu. Si mwepesi hata kidogo.

Duka silitaji. Kobe mwenyewe alikuwa paundi 130 na seti paundi 160, yani vifaa ndio bei kuliko mnyama, na bado sijamaliza. Ni kobe wa Horsfield, asili yake Asia ya Kati, Kazakhstan na Uzbekistan huko, mdogo mdogo, akikua anafika kama sentimita 20 hivi. (Aina hii ndio Wasovieti waliwazungusha mwezi kwa chombo cha Zond 5 mwaka 1968 wakarudi duniani wazima, binti yangu anamwambia kila mgeni.) Tumemwita Karafuu kwa rangi yake. Kama ni dume au jike hatujui, akiwa mdogo hivi huwezi kujua, mtu akikuhakikishia usimwamini.

Sasa seti. Ndani kulikuwa na sanduku la kioo la sentimita 60, mfuko wa mchanga, taa moja fupi iliyojiviringa kama ile ya sebuleni imeandikwa UVB, taa ya joto, thamomita ya kubandika, sahani ya maji, kipango cha mbao cha kujificha na kopo la chakula cha punje. Nikaambiwa hii ndio kila kitu, mama, humhitajii kitu kingine. Kwa macho inapendeza kweli.

Mwezi wa tatu Karafuu akaacha kula, anajikokota, miguu haina nguvu, na gamba la chini nikiligusa naona limelegea kama ukucha uliolowa maji. Nikalia jamani. Daktari wa wanyama wa kwanza alinambia wazi yeye ni wa mbwa na paka, nikatafuta anayejua kobe, ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Huyo ndio alinielewesha. Kobe anahitaji mionzi ya UVB, ile isiyoonekana kwa macho iliyomo kwenye jua, ili mwili wake utengeneze vitamini D, bila hiyo hata umpe kalsiamu vipi haikai kwenye mfupa, na gamba ni mfupa. Ile taa fupi ilikuwa inamulika pembe moja tu, na mimi nilikuwa nategemea jua la dirishani kumbe kioo kinazuia UVB, haipiti hata robo ya unachodhania. Tena taa ikichakaa mwanga unabaki uleule lakini mionzi imeisha, hivo inabadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na mbili kulingana na aina yake, usisubiri iungue. Hili dukani hakuna aliyenambia.

Nimeweka taa ndefu ya mrija, imekaa sambamba na taa ya joto, manake akija kuota joto apate na mionzi papo hapo. Chini ya taa ya joto iwe kama nyuzi 30 hadi 35, upande wa pili kubaki baridi kidogo ili achague mwenyewe. Sanduku la kioo nimelitoa, saa hizi ana meza ya mbao iliyo wazi juu, mita moja na sentimita ishirini kwa sitini, na hiyo kwa mkubwa ndio kiwango cha chini. Mchanga mtupu nao nimeutoa, akiumeza unaziba tumbo, nimeweka udongo uliochanganywa na mchanga kidogo, kina cha kutosha, kwa sababu Horsfield ni mchimbaji, asipochimba hana raha. Taa zangu zote mbili pamoja ni kama wati 100, saa 12 kila siku, piga hesabu ya bili mwenyewe, ni zaidi kidogo ya yuniti moja kwa siku, mwaka mzima.

Chakula ndio kimenifurahisha. Kobe huyu anataka magugu, matunda hapana, nyama na chakula cha mbwa ndio kabisa usijaribu. Yale maua ya njano yanayoota kila penye nyasi hapa Uingereza, dandelioni, anayapenda na majani yake, na kuna gugu moja ndugu kabisa na mchunga wetu wa pwani, nilipoliona kando ya njia nikamkumbuka bibi yangu na mboga yake ya mchunga wa nazi. Tunachuma pasipopuliziwa dawa. Spinachi punguza, inazuia kalsiamu. Unga wa kalsiamu juu ya majani, na mle ndani nimemwekea ule mfupa mweupe wa dome tunaouokota ufukweni tukiwa wadogo, anautafuna mwenyewe. Zile punje za kwenye kopo sisemi ni sumu, lakini si chakula cha kila siku. Na mwogeshe kwenye maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu, anakunywa humo humo. Mikono muoshe kila mkimshika, kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, kama una mtoto mchanga fikiria mara mbili.

Baridi. Horsfield kwao analala miezi ya baridi, na hapa wengi huwalaza ndani ya friji, ndio friji, iliyotengwa kwa ajili yake, nyuzi 5 hivi, mlango unafunguliwa kila siku apate hewa. Hapaswi kulazwa akiwa mgonjwa au na chakula tumboni, kwa hiyo mwaka huu kwa ushauri wa daktari hakulala, alikaa macho na taa zake. Kama hujioni ukifanya hayo, tafuta aina isiyolala au acha.

Sheria pia. Hapa Uingereza kobe wa aina ya Hermann na wale wenzake wa Mediterania lazima wawe na cheti cha kuuzwa, muulize muuzaji akuonyeshe kabla hujatoa pesa, Horsfield hahitaji. Na muuzaji haruhusiwi kumuuzia mtoto chini ya miaka 16, yani mwenye dhamana ni wewe mzazi, mtoto atachoka wewe utabaki. Ndugu zangu wa Kilifi wakanicheka, mbona unanunua na shambani wanapita bure. Jamani msiwaokote. Kenya kumfuga mnyama pori bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa kwa sheria ya 2013, na yule kobe bapa wa kwenye mawe, anayepatikana kwetu na Tanzania, tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kwa wanaotolewa porini. Muache alipo.

Lingine, miaka. Horsfield akitunzwa anapita 40. Mimi nina 38. Tumekaa na mume wangu na binti tukaongea kabisa nani atamchukua tukihama, tukirudi nyumbani, tukifa. Binti alisema yeye, nimeandika tarehe aliyosema kwenye daftari la uzito.

Nyota mbili ni za taa ya joto, ambayo bado inafanya kazi, na ile sahani ya maji ambayo haina kingo za kumpindua. Vingine vyote vya seti nimevitoa au viko stoo. Ukinunua kimoja kimoja, meza, taa ndefu, thamostati ya kuzima taa joto likizidi, thamomita nzuri ya kidijitali, utatumia kama paundi 200 na hutarudia. Kamilisha hivyo vyote, viwake wiki nzima upime joto, alafu ndio ukamlete. Karafuu alikuja na gramu 58, Jumapili hii mzani umesoma 131, na gamba la chini limekuwa gumu.