Llama 3.1 kwenye kadi ya GB 6: uzoefu wangu na llama.cpp

Kwa miezi mitatu sasa ninatumia llama.cpp, programu huria ya kuendesha modeli za lugha kwenye kompyuta yako mwenyewe, iliyoanzishwa na Georgi Gerganov mwezi Machi 2023, kwenye kompyuta mpakato yenye kadi ya michoro (GPU) ya RTX 3060, ambayo kwa toleo la mpakato ina memori ya GB 6 tu. Modeli ninayoiendesha ni Llama 3.1 ya kampuni ya Meta, yenye vigezo (namba ilizojifunza modeli) bilioni 8. Kwa biti 16 kwa kila kigezo modeli hiyo hudai GB 16 hivi, kwa hiyo nilipakua faili la GGUF (muundo wa faili unaosomwa na llama.cpp) la aina ya Q4_K_M, ambamo kila kigezo kimebanwa hadi takribani biti 5, na faili lote lina GB 4.9.

Nilidhani kwamba GB 4.9 zikitosha ndani ya GB 6, kazi imekwisha. Hesabu yangu ilisahau akiba ya muktadha, yaani memori ya kukumbuka maandishi yaliyokwisha kupita: modeli hii huhifadhi KB 128 kwa kila tokeni (neno au kipande cha neno), hivyo tokeni 32,768 nilizoziomba zilitaka GB 4 nyingine, na programu ikagoma papo hapo. Niliposhuka hadi tokeni 8,192 akiba ikawa GB 1, lakini bado nililazimika kuziacha tabaka sita kati ya 32 za modeli kwenye RAM ya kawaida, na kasi ikaporomoka kuliko nilivyotarajia, kwani kila tokeni hupita katika tabaka zote na kuzisubiri hizo sita za polepole.

Kilichoniokoa ni kuibana akiba yenyewe, kwa kuchagua q8_0 (biti 8 hivi kwa kila namba badala ya 16) upande wa K na wa V, sehemu mbili za akiba hiyo, na kuwasha -fa (Flash Attention, njia ya kukokotoa inayookoa memori). Ikapungua karibu nusu, tabaka zote zikaingia kwenye kadi, na sasa majibu hutoka upesi kuliko ninavyoweza kuyasoma.

Nilijaribu pia Q2_K, faili la modeli hiyohiyo lililobanwa zaidi, lenye GB 3.2. Kwa Kiingereza ilijikongoja vizuri. Kwa Kiswahili iliniandikia "vitabu hizi zimeanguka" badala ya "vitabu hivi vimeanguka", kosa ambalo Q4_K_M haikulifanya kwa swali lilelile, nami nikaifuta siku hiyohiyo.

Mwenye kadi ya GB 4 ningemshauri achukue Llama 3.2 ya vigezo bilioni 3, ambayo kwa Q4_K_M ina GB 2, ila asiombe muktadha mrefu akidhani udogo wa modeli utamfaa: akiba yake hula KB 112 kwa kila tokeni, karibu sawa na ile ya bilioni 8.