Mashine ya mwanga ilinisafisha soriasisi, yule mhudumu akaniunguza na bado akanibishia

Wanaouliza kama tiba ya mwanga ya soriasisi (ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) inafaa, mi naandika nikiwa na hasira bado, mnivumilie.

Soriasisi ninayo miaka mingi, viwikoni, mgongoni, miguuni, dawa za kupaka nimepaka mpaka nikachoka. Daktari wa ngozi akanianzishia UVB, aina ya mionzi ya UV kama iliyomo kwenye jua, ile ya mawimbi ya nanomita 311 hivi, unasimama ndani ya kabati lina taa ndefu pande zote, umevaa miwani ya kukinga macho na sehemu za siri umefunika, mwanzoni hata dakika haijaisha ushatoka. Mara tatu kwa wiki. Mwanzo wake sina neno nao, dozi ilipandishwa kidogo kidogo, magamba yakalainika, muwasho ukapungua, nikaanza kulala usiku kama watu.

Halafu mashine ikaharibika. Tukaambiwa tungoje kupigiwa simu, wiki zikapita. Siku tumeitwa nakuta zamu kuna kijana simjui, hakuniuliza mara ya mwisho niliingia lini, hakuniuliza kama kuna dawa mpya natumia (maana zipo dawa, hata doxycycline tu, ile antibiotiki, zinafanya ngozi iungue kirahisi), macho yake yako kwenye simu. Kachukua faili, kaangalia dozi ya mwisho, kaongeza juu yake kama vile nilikuwepo juzi, kabonyeza. Mtu aliyekatiza muda mrefu namna ile dozi inashushwa, na akikaa sana anaanza upya kabisa, kwa sababu ule weusi na unene ambao ngozi ilijijengea kujikinga unakuwa umepungua. Na utaratibu huo umebandikwa ukutani, pembeni ya swichi anayobonyeza yeye mwenyewe!

Mchana sikusikia kitu. UV ndo ilivyo, haiumi papo hapo, inakuja kupamba moto kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye. Usiku shuka likigusa mgongo najisikia kama nimemwagiwa uji wa moto, asubuhi mkanda wa sidiria sikuweza kuuvaa, ngozi imevutika kifuani hata kuvuta pumzi nzito naogopa.

Nikarudi kumuonyesha. Kaangalia mara moja tu, akasema, "Dada, mbona sioni wekundu? Ngozi nyeusi haiungui hivyo, hiyo ni rangi imekolea, ujue tiba inafanya kazi." Mbele ya foleni nzima. Haiungui! Ngozi nyeusi inaungua jamani, ila wekundu wake hauonekani kirahisi, unaona tu pamekuwa peusi zaidi au zambarau, pamoto, panauma. Angeweka kiganja tu angejua. Hakuweka. Na kuungua kwa mtu wa soriasisi sio jambo la kupuliziwa likapoa, ngozi ikijeruhiwa ugonjwa unaweza kuota palepale, na mimi umeniotea begani ambako sijawahi kuwa nao maishani.

Daktari alinisikiliza, niseme ukweli. Akasimamisha mashine mpaka maumivu yaishe, akanipa krimu ya steroidi ya siku chache, vitambaa vya maji ya baridi, mafuta ya mgando, na jua nisilione. Baadaye ngozi ikabambuka, na tuliporudi kwenye mashine tukaanza chini.

Sasa kuhusu rangi, maana ndo inawatisha wengi. Utakuwa mweusi kweli, mwili mzima isipokuwa palipofunikwa, na pale mabaka yalipokuwa panabaki pamepauka, watu wanakuangalia wanadhani unajichubua. Ni kawaida. Rangi inarudi taratibu ukishamaliza tiba, wiki hadi miezi, sisi weusi tunachukua muda zaidi, na mabaka yale mara nyingi yanajaza rangi yenyewe. Weusi usiouma hauna shida, ni ngozi inajikinga. Ukiuma na kuwa wa moto, umeungua, asije mtu akakwambia ni rangi.

Nilikusudia kuandika msiende kabisa. Siwezi, viwiko vyangu vimetakata, navaa mikono mifupi hadharani, hakuna dawa ya kupaka iliyowahi kunipa hiki. Kwa hiyo nendeni. Lakini nikikumbuka lile neno "haiungui" nataka kufuta hata hiyo sentensi. Kabla hajabonyeza mwambie mara ya mwisho uliingia lini na ilikuwaje baada ya hapo, na umwambie akusomee dozi kwa sauti, akinuna anune.

Malalamiko nilipeleka, nikaambiwa yatafanyiwa kazi. Kijana yuko palepale. Nikimkuta zamu nageuza narudi nyumbani, na siku hiyo ya tiba inayopotea naihesabu juu yake.