VisuAlgo na Python Tutor kwa mtihani wa miundo ya data: uzoefu wangu

Kama mtihani wako wa miundo ya data (njia za kupanga data ndani ya kompyuta) unafanyika kwa kalamu na karatasi, fungua VisuAlgo kwanza, halafu Python Tutor, tovuti mbili zinazochora kinachotokea kwenye data hatua kwa hatua. Zote mbili ni za bure, zote zinafunguka kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, na ndizo nilizojiandalia nazo tangu muhula ulipoanza hadi siku ya mtihani. Naziandikia kwa kirefu kwa sababu naona wanafunzi wengi wakipiga msuli kwenye maswali ya usaili wa kazi, kisha wanaingia chumba cha mtihani na kukuta maswali ya sura nyingine kabisa.

Majukwaa kama LeetCode na Codeforces yanakupa swali, unaandika programu, na mashine inaipima kwa data ambayo wewe huioni, kisha inakuambia imepita au haikupita. Kwa kujifunza kuandika programu sina neno baya la kuyasema. Lakini mtahini wa miundo ya data mara nyingi anataka kitu kingine. Anakupa namba sita na kukuambia uziingize moja moja kwenye hipu (mti wa namba ambao kila mzazi huwazidi watoto wake, au huzidiwa nao), uchore hali ya hipu kila baada ya namba. Anakupa mti (data iliyopangwa kwa matawi) na kukuambia ufute nodi fulani, yaani kituo kimoja cha mti huo. Anakupa jedwali la heshi, ambamo hesabu juu ya namba ndiyo inayoamua nafasi yake, lenye nafasi saba na kuuliza kila namba itakaa wapi. Alama ziko kwenye hatua, na mtu anaweza kuwa amepitisha programu nyingi kwenye majukwaa yale bila kuchora hatua hata moja kwa mkono.

Hapo ndipo VisuAlgo inapoingia. Steven Halim wa National University of Singapore aliianzisha mwaka 2011 ili wanafunzi wake waione algoriti (hatua za kutatua tatizo) ikitembea juu ya data waliyoichagua wenyewe. Kwangu uzito wote uko kwenye maneno hayo ya mwisho. Video ya mafunzo inakuonyesha mfano wa aliyeitengeneza, basi. Hapa unachukua mtihani wa mwaka uliopita, unaandika namba zilezile za swali, na kuona kila badiliko. Mchoro uko katikati, msimbo-bandia uko pembeni na mstari unaotekelezwa unawaka rangi, na chini kuna vitufe vya kusimamisha, kusonga hatua moja mbele na kurudi hatua moja nyuma.

Kitufe cha kusimamisha ndicho kinachobeba kila kitu. Ukiiacha michoro itiririke yenyewe utaona vitu vizuri vikisogea, utaitikia kwa kichwa, na kesho yake hutaweza kuurudia mti wa nodi tano. Utaratibu wangu ulikuwa huu: nasimamisha, naandika kwenye karatasi hatua inayofuata ninayoitarajia, halafu ndipo nabonyeza. Karatasi na skrini zikikubaliana, naendelea. Zikitofautiana, nimeshajua hatua hasa ambapo uelewa umekatika, na mstari unaowaka pembeni unanionyesha sababu.

Nitoe mfano wa hipu, kwa sababu ni mada ambayo zana hii ilinilipa kuliko zote. Chukua namba 4, 1, 9, 7, 12, 3 na ujenge hipu ambayo namba kubwa inakaa juu. Ukiziingiza moja baada ya nyingine, kila namba mpya inakaa mwisho kisha inapanda kwa kubadilishana nafasi na mzazi wake iwapo imemzidi. Tisa inampita nne, inakaa juu. Saba inamkuta mzazi ambaye ni moja, inampita. Kumi na mbili inampita saba, halafu inampita tisa, inafika kileleni. Tatu inamkuta mzazi ambaye ni nne, inatulia. Mwisho, ukisoma ngazi kwa ngazi kutoka juu, unapata 12, 9, 4, 1, 7, 3.

Sasa chukua namba zilezile, zipange zote kwenye safu kwa mfuatano wake, halafu uanze na mzazi wa mwisho ukirudi nyuma, kila mzazi akishuka akizidiwa na mtoto. Tisa ana mtoto tatu, hakuna cha kufanya. Moja ana watoto saba na kumi na mbili, anabadilishana na kumi na mbili. Nne aliye juu anabadilishana na kumi na mbili, kisha anashuka tena na kubadilishana na saba. Unapata 12, 7, 9, 4, 1, 3.

Hipu mbili tofauti kutoka kwa namba zilezile, na zote mbili ni halali. Njia ya kwanza ilitoka kwa J. W. J. Williams mwaka 1964, na mwaka huohuo Robert Floyd akaleta ile ya kuanzia chini. VisuAlgo inazo zote kwenye ukurasa mmoja, moja imeandikwa O(N log N) na nyingine O(N), vipimo vya jinsi kazi inavyokua namba zikiongezeka, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha kwa data yako. Mtahini akisema "ingiza" anataka ya kwanza, akisema "jenga kutoka kwenye safu" anataka ya pili, na ukifanya moja badala ya nyingine utachora hipu safi kabisa na alama usipate. Hata lile swali la kwa nini njia ya pili ni nafuu zaidi linaeleweka kwa macho: nodi za chini ndizo nyingi, nazo hazina pa kushukia au zinashuka hatua chache tu, ilhali ile ya juu kabisa inayoweza kushuka safari ndefu ni moja.

Miti ya utafutaji, ambayo namba ndogo hukaa kushoto kwa nodi na kubwa kulia, nayo imekaa vizuri. Kuingiza na kutafuta ni rahisi, sitakaa hapo. Kufuta nodi yenye watoto wawili ndiko kunakosumbua, kwa sababu kuna njia mbili sahihi: unaweza kuweka mahali pake namba ndogo kuliko zote za upande wa kulia, au kubwa kuliko zote za upande wa kushoto. VisuAlgo inatumia ya kulia. Iwapo mwalimu wako anatumia ya kushoto, mti wako na wa skrini vitatofautiana na wote mko sahihi, kwa hiyo angalia maandishi ya darasani kabla hujaanza mazoezi. Ukurasa huohuo una miti ya AVL, ile ya Adelson-Velsky na Landis ya mwaka 1962, inayojisawazisha yenyewe kwa mizunguko, yaani kuzungusha nodi ili mti usielemee upande mmoja. Ingiza 10, 20, 30 uone mzunguko mmoja ukitosha, halafu futa vyote uingize 30, 10, 20 uone ikilazimika kuzunguka mara mbili. Mara zote mbili 20 inaishia juu, na ukiona kwa nini, zile kanuni nne za mizunguko huhitaji kuzikariri.

Jedwali la heshi ni mahali pengine ambapo mchoro unashinda maelezo. Jedwali la nafasi saba, namba 10, 17 na 24. Zote zikigawanywa kwa saba zinabakiza tatu. Kwa utaratibu wa kusogea nafasi moja moja, 10 inakaa nafasi ya 3, 17 ya 4, na 24 ya 5. Futa 17. Ukiiacha nafasi ya 4 tupu kabisa, anayeitafuta 24 ataanzia 3, atakuta 10, atasogea 4, atakuta patupu na kutangaza kwamba 24 haimo, ilhali ipo hatua moja mbele. Ndiyo maana skrini inaandika DEL pale palipofutwa badala ya kupaacha wazi: alama hiyo inamwambia mtafutaji apite. Mtahini anayependa swali la "eleza kwa nini" ana chakula kingi hapo.

Python Tutor ni kitu tofauti, nayo ni kazi ya Philip Guo. Hii haina mifano ya algoriti zilizopangwa. Wewe ndiye unayeweka msimbo wako, wa Python, Java, C, C++ au JavaScript, nayo inautekeleza mstari kwa mstari huku ikichora vigeu upande mmoja na vitu vyenyewe upande mwingine, na mishale ikionyesha kigeu gani kinashika nini. Kwa orodha zilizounganishwa kwa pointa, ambazo kila nodi inashika mshale wa kwenda kwa inayofuata, sijaona kinachoifikia.

Jaribu kugeuza orodha ya nodi tatu ianze mwisho. Msimbo unahitaji vigeu vitatu: kimoja cha nodi iliyopita, kimoja cha iliyopo, kimoja cha ijayo. Sasa kwa makusudi ruka mstari unaohifadhi ijayo, ugeuze mshale moja kwa moja. Bonyeza mbele mara moja. Nodi zilizokuwa nyuma zinatoweka kwenye picha, kwa sababu hakuna tena mshale wowote unaozifikia. Vitabu vinaeleza jambo hili kwa aya nzima. Hapa unaliona kwa mbofyo mmoja, na kuanzia hapo mkono wenyewe unakumbuka kuhifadhi kwanza. Fankisheni inayojiita yenyewe nayo inaonekana vilivyo: kila mwito unaongeza fremu yake yenye vigeu vyake, na fremu zinapoanza kufungwa, unaona jibu la kila moja likirudi kwa iliyoiita. Weka msimbo mfupi tu. Zana hii ni ya vipande vya darasani, siyo ya mradi mzima.

Mapungufu yapo. VisuAlgo inataka skrini kubwa, na watengenezaji wake wenyewe wanasema haikukusudiwa kwa simu ndogo, kwa hiyo kama kifaa chako ni simu pekee, panga siku za maabara. Maelezo ni ya Kiingereza kizito kwenye baadhi ya kurasa. Mada ni nyingi kuliko mtihani wa mwaka wa kwanza au wa pili unavyohitaji. Miti ya Fenwick na mtiririko wa juu kabisa kwenye grafu ni vizuri kuvijua, ila kama havimo kwenye muhtasari wa kozi yako viache kwanza. Tena angalia namba za nafasi: hipu ya VisuAlgo inaanza kuhesabu kwenye 1, hivyo watoto wa nodi i wako 2i na 2i+1. Darasa linaloanza na 0 linasema 2i+1 na 2i+2. Andika kanuni ya darasani kwako juu ya karatasi ya mazoezi kabla hujagusa chochote.

Nililinganisha pia na huduma moja ya kulipia inayouza maswali na majibu ya mitihani ya kompyuta, ambayo sitaitaja jina. Maswali yake hayakuwa mabaya. Ila majibu yalikuwa picha ya mwisho tu, bila hatua, na kwenye swali la kujenga hipu haikusema ni njia ipi imetumika. Mwanafunzi aliyetumia njia nyingine sahihi angeambiwa amekosa bila maelezo. Kwa mtihani unaopima hatua, sioni sababu ya kulipia jibu lisilo na hatua.

Kilichomo kwenye VisuAlgo ambacho wengi hawakijui ni sehemu ya mazoezi ya maswali. Unachagua mada, kiwango cha ugumu na idadi ya maswali, mashine inatunga maswali yenyewe na kuyasahihisha papo hapo. Kwa kuwa yanatungwa upya, huwezi kukariri jibu la jana. Niliitumia baada ya kumaliza mada kwa karatasi, siyo kabla, na nilipoona mada fulani inanipa shida nilirudi kwenye mchoro wake na namba zangu.

Ukifika kwenye grafu, yaani nodi zilizounganishwa kwa njia zenye gharama, usikimbie. Algoriti ya Dijkstra ya kutafuta njia fupi, iliyochapishwa mwaka 1959, inachukulia kwamba hakuna njia yenye gharama chini ya sifuri, na swali la mtihani linapenda kuweka moja iliyo hasi katikati. Kwenye ukurasa wa njia fupi chagua grafu yenye gharama hasi, endesha Dijkstra ya asili, uandike umbali wa kila nodi kwenye karatasi. Kisha endesha Bellman-Ford, algoriti nyingine ya njia fupi inayokubali gharama hasi, juu ya grafu ileile na uweke majibu sambamba. Tafuta nodi ya kwanza ambapo namba zinaachana, urudi nyuma hatua kwa hatua hadi uone ni lini Dijkstra ilifunga hesabu ya nodi hiyo mapema. Hatua hiyo moja, ukiweza kuiandika kwa sentensi mbili za kwako, ndiyo jibu la swali zima.