Kizibo cha raba cha kubana kwenye boti ya faiba, uzoefu wangu hapa mwalo wa Kasenyi, Uganda

Wadau wa ziwani, leo naongelea kizibo, kile kidude cha chini kabisa nyuma ya boti kinachoziba tundu la kutolea maji. Maana kila mtu anauliza mashine ni ya hosipawa ngapi, laifujaketi zipo ngapi, lakini lile tundu linaloweza kutuzamisha sote na mizigo yetu hakuna anayeliuliza. Wenzetu wenye mitumbwi ya mbao wao hawana shida hiyo, maji yakiingia wanafua na jerikeni lililokatwa safari inaendelea.

Boti yangu ni ya faiba, inapeleka watu na mizigo visiwani, ilikuja na kizibo cha plastiki cha thredi, yaani chenye meno ya kuzungusha kama skrubu. Jua la hapa, si tuko karibu kabisa na ikweta, likaikausha ile plastiki hadi ikawa inameguka meno, nikahamia kile cha raba chenye kiwenzo, yaani kimkono kidogo, cha brasi, unakisukuma ndani ya tundu la inchi 1, unalaza kiwenzo, raba inabanwa inatanuka inaziba. Bei sio mbaya kabisa.

Nilichokipenda ni kwamba hakuna kuhangaika na mchanga. Cha thredi punje tatu tu za mchanga wa mwaloni, pale tunapoegesha boti, zikiingia kinagoma katikati, hakiingii hakitoki, na ukikivuta na plaizi unaua kichwa chake. Kama wewe bado unacho hicho na kimekwama, pulizia mafuta ya kulegeza kutu uache kikae, tumia spana inayokaa vizuri, na mtu mwingine aangalie ile sahani yenye tundu la kizibo iliyofungwa kwenye faiba isije ikazunguka nacho, maana skrubu zikilegea pale maji yanaingia kwenye ubao wa ndani unaobeba mashine, unaoza taratibu huku nje panang'aa. Na moto usisogeze karibu, faiba itaungua.

Halafu kuna hili la hadiweya, jamani. Jirani yangu wa mwaloni alipoteza chake cha thredi akaenda kununua pulagi ya bomba ya nusu inchi, ikaingia mizunguko ya mwanzo vizuri sana, akafurahi, ikagoma, akalazimisha, ikawa inavuja. Sababu ni kwamba boti zilizotengenezwa kwa vipimo vya Marekani zina thredi za kule na mabomba yetu ni thredi za Kiingereza, nusu inchi zote mbili zina meno 14 kwa inchi lakini pembe ya jino ni nyuzi 60 kwa Mmarekani na 55 kwa Mwingereza, kwa hiyo zinadanganyana hivyo hivyo. Mwisho alikwenda Katwe, Kampala, kwa fundi wa leithi, ile mashine ya kuchonga vyuma, na ile sahani mkononi, akachongewa cha brasi, mpaka leo anacho. Ukifunga cha hivyo zungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, usipake gundi, siku ya kukitoa utalia.

Turudi kwenye raba. Lazima ukisete. Simamisha kiwenzo, kizungushe kama parafujo, kisha kilaze: kikilala bila kukukatalia kimelegea, kikitaka nyundo umekaza mno utapasua raba, kidole gumba ndicho kipimo, kiumie kidogo tu. Kila wiki mimi nakitoa nakifuta kwa kitambaa, nakikunja kuangalia nyufa, nyufa zinaanzia ukingoni pale kinapobanwa. Grisi ya gari hapana, petroli iliyomwagika chini ya boti pia ni adui, raba nyingi zinavimba zinakuwa laini kama uji, paka ya silikoni kidogo inatosha. Boti ikilala nchi kavu usikiache kimebanwa, raba inazoea ile shepu.

Na ikilala nchi kavu kitoe kabisa na pua ya boti uinue. Mvua za huku mnazijua, lita moja ni kilo moja, maji ya mvua lita 200 tayari umebeba kilo 200 kabla abiria hajapanda. Kukumbuka kukirudisha ndiyo kazi, mimi nakifunga pamoja na ufunguo wa mashine, huwashi bila kukishika.

Kilichonikera ni kile kiwenzo. Ukikifunga kwa ndani, kreti za soda na magunia yanakigonga kinainuka, kwa hiyo boti ya mizigo kama yangu naiwekea kibao cha kukikinga. Ukikifunga kwa nje magugu maji yanakivuta. Wengine wanakitoa boti ikiwa mbio ili maji yajinyonye nje, ni kweli yanatoka, lakini mashine ikizima ghafla hapo hayo maji yanarudi mbio kuliko wewe, na abiria wamekaa juu ya tundu. Sifanyi hivyo, nina pampu ya volti 12.

Kwa boti inayopandishwa nchi kavu mara kwa mara nakipa kizibo hiki cha raba nyota nne kati ya tano. Kwa inayoelea miezi mizima kaa na brasi ya thredi, hapo raba siiamini. Anayejua wapi Kampala wanauza chenye kiwenzo cha stenlesi aniandikie bei.