Programu ya kina baba tunaoacha pombe, naipa nyota 4

Nimemaliza wiki 12 juzi tu. Nilidhani ukishaacha chupa familia inarudi yenyewe, kumbe wapi, mwanangu wa miaka 9 alikuwa ananiangalia kama mgeni aliyekosea mlango. Kilichonisaidia zaidi ni hiki, usiahidi makubwa, ahidi simu ya saa moja jioni halafu piga saa moja kamili, kila siku, hata kama dogo anajibu "sawa" tu na kukata (na alikata sana).

Wanafuata hatua 12 za AA (Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe), ile ya 8 unaandika orodha ya uliowaumiza, ya 9 unaenda kurekebisha ila sio pale utakapomuumiza mtu zaidi, na hapo mshauri alinizuia nisimmwagie mke wangu kila kitu siku moja ili mimi nipumue. Alikuwa sahihi bana.

Nyota moja nimekata kwa sababu kikao cha familia ni kimoja tu kwa mwezi, na mke wangu hakupewa mtu wa kuongea naye peke yake, wakati yeye ndo kabeba mzigo miaka yote.

Jana dogo kanipigia mwenyewe, saa moja kasoro dakika tano.