Bima ya ndege ya kuazima Mombasa: yaliyonipata na bima niliyo nayo sasa

Ndege ninayorusha si yangu. Ni Cessna 172 ya mzee mmoja ninayemheshimu kama baba, na huu ni mwaka wa tatu ananiachia funguo Jumamosi niruke hadi Malindi au Manda. Hulazwa kwenye hanga ya watu kadhaa pale uwanja wa Moi. Siku zote niliamini kwamba ndege ikiwa na bima, na mimi nimo. Najua wenzangu wengi wa Pwani wanaoazima ndege wanaamini hivyo hivyo, na ndiyo sababu naandika.

Ilikuwa Julai, kusi imeshika. Nilikuwa naikokota nje kwa mkono, mpini kwenye gurudumu la mbele, kijana wa hanga amesimama kulia ananiangalizia. Mabawa ya 172 yana mita 11 ncha kwa ncha na mlango ule hauachi nafasi ya kucheza. Upepo ukapiga mkia, pua ikageuka, bawa la kushoto likaegemea nguzo. Hapakuwa na kishindo, ila mlio kama wa mkebe wa maziwa unaobonyezwa. Taa nyekundu ya ncha ikapasuka vipande vikasambaa sakafuni, na kile kibao cha nyuma ya bawa cha kuilaza ndege upande nilipokiinua kiligoma katikati. Nikampigia mzee, mikono inatetemeka. Alichouliza kwanza ni kama nimeumia.

Kampuni ya bima ya mzee ililipa. Matengenezo yalikuwa 640,000. Mzee alijibebea 180,000 za mwanzo, yaani asilimia 2 ya thamani ya ndege iliyoandikwa mkatabani, nami nikaahidi kumrudishia. Kampuni ikatoa zilizobaki. Nikadhani yamekwisha.

Oktoba ikaja barua ya wakili. Kampuni inanidai mimi 460,000.

Niliisoma mara tatu. Kumbe ndivyo bima inavyofanya kazi: ikishamlipa mwenye mali, inasimama mahali pake na kumdai aliyesababisha hasara. Mkatabani jina lilikuwa la mzee peke yake, na mimi nilikuwa mtu baki. Mwenye hanga naye ana bima yake, lakini ile ni ya makosa ya watu wake, si ya mgeni anayekokota ndege mwenyewe. Tulifikia kulipa nusu, kwa mafungu.

Bima ilipokaribia kuisha mzee alibadilisha wakala, na huyu dada ndiye ninayemsifu hapa. Alinikalisha, akafungua mkataba wa zamani kwenye masharti ya rubani, akaweka kidole. "Kaka, hebu soma hapa kwa sauti." Nikasoma: rubani mwenye leseni halali, saa za kurusha ndege zisizopungua 250, 25 kati yake kwenye aina hii ya ndege. Nilikuwa na saa 190. "Ajali yako ilikuwa ya kukokota, ndiyo maana walilipa," akasema. "Ungeiangusha angani, mzee asingepata hata shilingi." Miaka yote ile nilikuwa nikirusha mali ya mtu bila kinga, naye akiniamini.

Mkataba wa sasa una jina langu kama rubani anayekubaliwa, pamoja na kifungu kinachosema kampuni haitanidai ikishamlipa mzee. Dhima kwa abiria na kwa watu walio chini nayo inanihusu. Nyongeza ya malipo nimeibeba mimi, na ililipwa yote kwanza, maana sheria ya Kenya hairuhusu bima kuanza kabla ya pesa kuingia. Wakala pia alimzuia mzee kushusha thamani ya ndege ili alipe kidogo. Ukiiandika chini sana, ajali ya wastani tu inatosha kampuni kusema ndege imekwisha, ikakulipa kile kidogo na kuchukua mabaki.

Yasiyonifurahisha yapo. Adui mkubwa wa ndege hapa kwetu ni chumvi ya bahari, na kutu mkataba unaihesabu uchakavu, hailipwi. Kwa hiyo kila tukirudi tunaiosha kwa maji baridi ya bomba, hasa kwenye misumari ya mabawa na chini ya tumbo. Viwanja visivyo na leseni havimo, na cheti changu cha afya kikipita tarehe hata kwa siku moja, kinga imeondoka nacho. Hilo la mwisho naliona ni haki.

Wakala nampa nyota nne. Maswali kuhusu saa zangu yalipelekwa hadi London, kwa wanaobeba sehemu kubwa ya hatari hii, na majibu yakachukua wiki tatu za Desemba, kaskazi imetulia na mbingu nyeupe, mimi nimekaa chini nangoja karatasi.