Muziki wa filamu za Kitaliano: sikiliza pumzi kabla ya kutoa pesa

Mwezi wa tatu nilitoa yuro 68 kwa santuri moja. Juu ya jalada palibandikwa karatasi nyekundu yenye neno inedito, ambalo kwa Kitaliano maana yake ni kitu kisichowahi kutoka. Muuzaji aliniapia kwamba mkanda wake ulilala ghalani tangu miaka ya 60. Nikamwamini. Nilipofika nyumbani nikaiweka, na kufika kipande cha tatu nikainuka, nikaenda kwenye rafu, nikatoa CD niliyoinunua miaka sita iliyopita. Nikalinganisha dakika na sekunde: 2:41 na 2:41, 3:07 na 3:07, 1:58 na 1:58. Muziki ni uleule, majina ndiyo yaliyobadilishwa. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hilo ningelisamehe. Lililoniuma ni jingine. Kwenye ile CD ya zamani, kabla mwimbaji hajaanza, unamsikia akivuta pumzi. Ni pumzi fupi, ya puani, halafu sauti inapanda. Kwenye santuri ya yuro 68 pumzi haipo. Sauti inatokea ghafla kama taa iliyowashwa.

Tangu nilisimulie jambo hili, wasomaji wawili, mmoja yuko Mombasa na mwingine Muscat, wameniambia yamewapata yaleyale. Basi huu ndio mwongozo wangu. Kuhusu uzito wa santuri, rangi yake na uzuri wa jalada sitasema neno. Kila muuzaji atakueleza hayo bila kuulizwa.

Kwanza niseme ninakotoka. Nimezaliwa Malindi, mji ambao vijana wa ufukweni wanazungumza Kitaliano kama lugha ya nyumbani. Mama alifanya kazi kwa mzee mmoja wa Kitaliano aliyekuwa na kinanda cha santuri sebuleni. Jioni alikuwa akipiga muziki wa filamu ambazo sisi hatukuzijua. Mimi nilikaa jikoni na kusikiliza sauti ya mwanamke asiyesema neno lolote, anayeimba "aa" tu mpaka mwili unasisimka. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimehamia Roma, ndipo nilipomjua: Edda Dell'Orso, aliyemwimbia mtunzi Ennio Morricone kazi zake kubwa za miaka ya 60 na 70. Mwimbaji asiye na maneno hana cha kukushikisha ila pumzi na sauti. Ukimwondolea pumzi, umemwondolea nusu ya uimbaji wake.

Kasoro ambayo hakuna anayeitaja

Mkanda wa sumaku una mvumo wake, sauti nyembamba kama mchanga unaomiminwa kwenye karatasi. Wanunuzi wengi wanauchukia, kwa hiyo lebo, yaani kampuni zinazotoa santuri na CD, zinaupitisha muziki kwenye programu ya kompyuta ili kuuondoa. Shida ni kwamba mvumo huo unakaa kwenye sauti za juu kabisa, na hukohuko ndiko zinakokaa pumzi ya mwimbaji, msuguano wa upinde kwenye fidla, brashi juu ya ngoma, na mwangwi wa ukumbi unapokufa taratibu. Ikitumiwa kwa pupa, programu inafagia vyote.

Mwangwi si jambo dogo katika muziki huu. Mwaka 1970 Morricone na watunzi wenzake, wakiwemo Armando Trovajoli na Luis Bacalov, walianzisha studio chini ya kanisa kubwa la Piazza Euclide, hapa Roma. Ukumbi ule ni mpana, na ukiwa na masikio mazuri unasikia ukubwa wake kila fidla zinaponyamaza. Nakala iliyosafishwa kupita kiasi inakunyima ukumbi wote. Unabaki na noti tupu.

Namna ya kupima ni hii. Vaa vifaa vya masikioni, tafuta sampuli ya lebo yenyewe, nenda kwenye sekunde tatu za mwisho za kipande cha polepole. Noti ikififia na mvumo ukabaki palepale mpaka mwisho, mkanda haukuguswa sana. Mvumo ukishuka pamoja na noti, kama mtu anayefunga mlango taratibu, jua programu imepita hapo. Kisha tafuta mahali mwimbaji anapoingia. Kama husikii akivuta pumzi, mimi sinunui, hata jalada liwe zuri namna gani.

Jihadhari pia na stirio ya kutengenezwa, yaani sauti ya mkondo mmoja (mono) iliyogawanywa kwa ujanja ionekane miwili. Sehemu kubwa ya muziki wa filamu za miaka ya 60 ilirekodiwa kwa mono, maana sinema nyingi zilikuwa na spika ya katikati tu, nyuma ya pazia. Mono nzuri ni nzuri. Iache ilivyo.

Mpangilio wangu

Namba moja ni CD za Beat Records ya Roma, na sifichi kwamba naipendelea. Ilianzishwa mwaka 1966 na Franco De Gemini, yule aliyepuliza kinanda cha mdomo kwenye filamu kubwa ya kauboi ya mwongozaji Sergio Leone ya mwaka 1968. Ule mlio mkali kama kilio, uliowaganda watu kwenye viti vya sinema dunia nzima, ulitoka kwenye mapafu yake. Lebo iliyoanzishwa na mpulizaji inajua thamani ya pumzi; ndivyo ninavyoamini, na masikio yangu yanathibitisha kila ninapofungua toleo lao jipya. Mvumo wanauacha pale unapostahili. Kijitabu cha ndani kinakueleza muziki umetoka kwenye mkanda upi, na mwishoni mara nyingi unapata vipande vilivyorekodiwa siku ileile lakini havikuingia kwenye filamu.

Wengine wataniuliza: kwa nini CD na si santuri? Kwa sababu ya nafasi. Santuri ikitaka kusikika vizuri inabeba dakika ishirini hivi kila upande. CD inabeba karibu dakika 80. Zamani filamu nyingi za Kitaliano zilipata santuri ndogo ya 45 tu (mizunguko 45 kwa dakika), yenye vipande viwili, kimoja kila upande, na muziki uliobaki ukarudishwa ghalani. Huo uliobaki ndio tunaoutafuta, na mara nyingi hauenei kwenye santuri moja. Bei ya CD ni kama yuro 15 mpaka 20 ukiiwahi kwa lebo yenyewe. Uichelewe, utanielewa nikifika kwenye malalamiko.

Namba mbili nawaweka lebo za Quartet ya Madrid na Digitmovies ya hapahapa Roma. Quartet wanatoa nakala chache sana, mara nyingi mia tatu au mia tano, na kazi yao ni safi bila kuwa tasa. Digitmovies ndio waliofanya subira ya kukusanya muziki wa filamu za mwongozaji Mario Bava, na zile za mashujaa wa kale wenye misuli ambazo hakuna mwingine aliyezijali. Kama unampenda mtunzi Stelvio Cipriani au Bruno Nicolai, anza hapa.

Namba tatu ni santuri mpya, na hapa majina mawili yanatosha. CAM Sugar wanashikilia ghala la CAM, lebo ya zamani ya Roma ambayo kampuni ya Sugar iliichukua mwaka 2011. Ghala hilo lina muziki wa filamu zaidi ya elfu mbili. Mwaka 2020, miezi michache baada ya Morricone kufariki, walitoa mkusanyiko wa kazi zake zisizojulikana, zikiwemo ambazo hazikuwahi kutoka. Kwa anayeanza, sijui mlango mzuri kuliko huo. Four Flies wao ni wadogo, lakini wanachagua kwa moyo: Piero Umiliani, Alessandro Alessandroni, watunzi wa namna hiyo. Alessandroni ndiye aliyepiga ule mluzi wa filamu ya kauboi A Fistful of Dollars, ya mwaka 1964, ambao kila mtoto anaujua bila kujua jina la aliyeupiga. Santuri hizi zinakwenda yuro 25 mpaka 40. Nazipenda, ila muziki unapunguzwa ili uenee.

Namba nne, santuri za asili za miaka ya 60 na 70. Najua wengi wangeziweka juu. Mimi nasema zinunue ukishajua unachokitafuta, kwa sababu bei inafika mamia ya yuro na nyingi zimekaa kwenye maghala yenye unyevu. Zingine hazikuuzwa dukani kamwe. Zilichapwa chache kwa ajili ya redio na watu wa filamu, ndiyo maana ni adimu. Ukienda Porta Portese, soko la Jumapili, nenda asubuhi, na uichukue santuri uiinamishe kwenye mwanga. Usitazame mikwaruzo kwanza. Tazama ile sehemu laini katikati, kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo. Santuri nyingi zilizochapwa Italia zina tarehe iliyochongwa pale kwa mkono: siku, mwezi, mwaka. Jalada linaweza kuwa la 1968 na tarehe ikasema 1975. Muuzaji akiona unaiangalia sehemu hiyo, bei ya pili atakayokutajia haitafanana na ya kwanza.

Namba tano ni matoleo ya Japani. Wajapani waliupenda muziki huu mapema, na CD za lebo yao ya SLC za miaka ya 90 zilitoa vitu ambavyo hata Italia vilikuwa vimesahauliwa. Nyingi zimeshapitwa na matoleo mapya. Nunua ukizikuta kwa bei ya chini, hasa kama ule utepe wa karatasi unaozungushwa kwenye kasha bado upo, kwa sababu utaziuza tena bila shida.

Mikusanyiko ya bei rahisi na kusikiliza mtandaoni ni kwa kujaribu tu. Hutaambiwa mkanda ulitoka wapi, na mara nyingi hata mwaka haupo.

Kuna santuri moja ambayo siiweki kwenye namba yoyote, na nimeulizwa kuihusu zaidi ya mara moja. Ni muziki wa mtunzi Riz Ortolani wa filamu ya Africa Addio, ya mwaka 1966. Ortolani alikuwa fundi; wimbo mtamu wa filamu ya Mondo Cane, wa mwaka 1962, alioutunga na Nino Oliviero, umeimbwa duniani kote. Lakini Africa Addio ndiyo filamu yenye picha zilizopigwa kutoka angani Zanzibar, Januari 1964, za watu waliouawa na waliokuwa wakikimbilia baharini. Kwangu wale ni watu wa kwetu. Ninayo, niliipata ndani ya sanduku la santuri nyingine, na nimeipiga mara moja. Fidla zake ni nzuri mno. Sikuweza kumaliza upande wa kwanza. Anayetaka kuinunua aijue kwanza filamu yenyewe.

Malalamiko yangu

Toleo la nakala mia tatu linatangazwa asubuhi. Jioni limekwisha. Wiki inayofuata unazikuta nakala kumi kwa muuzaji mmoja, zikiwa bado kwenye nailoni yake, bei mara tatu. Mtu huyo hajasikia hata kipande kimoja. Amenunua namba. Na wanaoumia ni wale walio mbali: dada yule wa Mombasa alipata CD kwa yuro 18, gharama ya kuituma ikazidi bei ya CD yenyewe, halafu ikakaa wiki tano njiani na kasha likafika limepasuka. Ushauri wangu kwenu mlio Afrika Mashariki ni kuagiza kwa pamoja, watu wanne au watano, moja kwa moja kwa lebo, tena siku ileile toleo linapotangazwa.

Na hili neno inedito. Kuna inedito ya kweli, muziki wa filamu nzima usiowahi kutoka. Kuna ya nusu, ambapo vipande viwili vilitoka kwenye santuri ya 45 na vilivyobaki ndivyo vipya. Hiyo nayo ni halali, ili mradi isemwe. Ya tatu ni ile ya karatasi nyekundu. Yule muuzaji nilimwandikia, nikampelekea picha za dakika za vipande vyote. Akanijibu kwamba "usafishaji ni mpya", kwa hiyo santuri ni mpya. Maana yake amenitoza pesa kwa kuniondolea pumzi ya mwimbaji. Kwa hiyo kabla hujalipa, omba orodha ya vipande pamoja na dakika zake, uilinganishe na ya matoleo ya zamani kwenye Discogs, tovuti yenye orodha za santuri na CD. Majina hubadilishwa kirahisi, lakini sekunde hazidanganyi. Asiyetaka kukupa dakika, mwache.

Mwisho, nina ombi kwa walioko Malindi na Watamu. Zile nyumba za wazee wa Kitaliano zinauzwa moja baada ya nyingine, na vitu vya ndani vinatolewa uani. Ukiona sanduku la santuri, usiliache juani. Saa moja ya jua la kwetu inatosha kuzikunja. Zisimamishe wima kivulini, zisome tarehe zilizochongwa katikati, kisha niandikie. Santuri ya yule mzee aliyemwajiri Mama sikuwahi kuliona jalada lake, na bado naitafuta.